Darasani kwangu Uvira, watoto walikuwa wakiiruka namba kumi na nane

Wakuu, habari za mchana.

Hili ninaloandika sikulisikia kwa mtu. Nilikuwa nimesimama pale pale, chaki mkononi, na sitaongeza chumvi. Atakayeona ni chai, anywe taratibu, mimi nitaendelea.

Ninafundisha maternelle, yaani watoto wa miaka mitano, kwenye shule ndogo ya binafsi hapa Kilibula, mjini Uvira. Ni upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Mchana ukiwa mweupe, tunaiona Bujumbura ng'ambo.

Darasa langu ni mabati juu, mbao ubavuni, na dirisha moja linalotazama ziwa. Miaka hii maji yamepanda. Yaliingia kwenye viwanja vya watu, yakakaa humo kama mgeni asiyeaga. Asubuhi yanatoa ubaridi unaoingia mpaka chini ya madawati, na watoto wanakunja miguu bila kujua kwa nini.

Nina watoto thelathini.

Wamo Wafuliiru, Wavira na Wabembe. Wamo watoto wa Kirundi. Yumo Mwajuma, binti wa muuza vitambaa wa Kimanga, ukoo wa Waislamu walioingia huku zamani na biashara ya ziwa. Nyumbani kila mmoja ana lugha yake. Kwangu wanakutana kwenye Kiswahili, na Kifaransa kidogo cha nyimbo.

Mimi mwenyewe nilizaliwa mjini, kwa wazazi wa ofisini. Naeleza hili mapema kwa sababu kosa lilianzia hapo. Kuna mambo ya wazee ambayo hayakuwahi kutajwa mezani kwetu.

Basi, nilikuwa na utaratibu wangu ambao niliuonea fahari.

Saa sita, kabla ya kutoka, watoto wanashikana mikono na kufanya mstari. Mimi napita nikigusa kila kichwa kwa kidole, na anayeguswa anasema namba yake. Nilijiambia ni somo la hesabu na ulinzi kwa wakati mmoja, maana maji yako hatua chache tu kutoka mlangoni.

Mwajuma alikuwa wa kwanza mstarini, na hakuwahi kusema "moja". Alisema "Bismillahi", kama baba yake anapoanza kupima kitambaa. Wa pili akaendelea na "mbili". Nililiacha hivyo. Nililiona zuri.

Kisha akaja Namahoro.

Alishuka kutoka Haut Plateau, ile milima ya wafugaji inayosimama juu ya mji wetu. Kijiji chao kilikuwa kimeachwa, na alikuwa akiishi na bibi yake kwenye chumba cha kupanga hapa hapa Kilibula. Kiswahili hakujua, labda maneno kumi. Hakulia, hakucheza. Aliingia mstarini kama wa kumi na saba, mkono wa kulia akamshika aliye mbele yake.

Mkono wa kushoto aliuacha umening'inia chini, karibu na goti, vidole vimekunjwa kidogo.

Nyuma yake alisimama Kiza, mtoto wa dereva wa pikipiki, mjanja, anayejua kuhesabu hadi mia. Kati yake na Namahoro kulikuwa na nafasi. Ndogo tu.

Nilimgusa Namahoro. Akanong'ona, "Kumi na saba." Mwenzake alikuwa amemfundisha.

Nikamgusa Kiza.

"Kumi na tisa."

Nikamwambia arudie. Akarudia, kumi na tisa. Nikamuuliza, na kumi na nane iko wapi?

"Kumi na nane alisha sema, Madame."

"Nani?"

"Ule mudogo."

"Mudogo gani, Kiza?"

"Huyu iko hapa." Hakunitazama mimi. Alitazama chini, pale ambapo ungekuta uso wa mtoto wa miaka miwili.

Mwajuma akageuka kutoka mbele. "Madame iko na miwani na haone," akasema, na darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka, wakuu. Nilidhani ni mchezo.

Siku hiyo tulifika thelathini na moja. Namahoro alikuwa amechukua nafasi ya mtoto aliyehama, kwa hiyo vichwa vilikuwa thelathini.

Kesho yake hivyo hivyo. Wiki nzima hivyo hivyo. Walisema kumi na saba, wakakaa kimya kwa muda wa pumzi moja, kisha kumi na tisa. Huo ukimya ndio ulionifanya niache kucheka. Watoto thelathini hawanyamazi pamoja namna ile, hata ukiwaomba.

Nisieleweke vibaya. Sitasema niliona kitu. Sikuona. Nilichokuwa naona ni nafasi, na jinsi hakuna mtoto aliyewahi kuikanyaga, hata wanaposukumana kama mbuzi.

Siku moja nikawapa kazi ya kuchora wenzao darasani. Nikakusanya karatasi, nikaketi kuzitazama. Watoto wanne, wa nyumba nne, wa lugha nne, wasioketi pamoja, walikuwa wamemchora mmoja mdogo kati ya Namahoro na Kiza.

Wote wanne walimpaka rangi ya buluu, kutoka kiunoni kwenda chini.

Nilizikunja zile karatasi nikaziweka kabatini. Sikumwonyesha mtu.

Jumanne iliyofuata, baba yake Kiza alikuja shuleni. Alizima pikipiki, akavua kofia ya kujikinga, akasimama mbele ya directrice wetu, mama mmoja mkavu ambaye ameongoza shule miaka mingi, nami nikiwapo.

"Maman Directrice, minye sina ubaya na mutoto wa muntu," alisema. "Lakini jana nakuja kumuchukua hapa, Kiza alikataa niwashe pikipiki. Ananiambia, papa ngoja, mwenzetu hajapanda. Naangalia nyuma, hakuna muntu. Anasogea, anaacha nafasi ku kiti. Tumetembea vile mpaka ku nyumba."

"Batoto banachezaka," directrice akasema.

"Weye ungekuwa ku ile pikipiki, usingesema banachezaka. Ule mutoto wa kule juu iko na kitu. Aondoke ao tuondoe batoto betu. Na siko peke yangu."

Kweli hakuwa peke yake. Nje ya geti walisimama wazazi wengine saba au wanane.

Directrice alinigeukia. Alisema Ijumaa atakuja mwenyewe na yule baba, watoto wahesabu mbele yao. Wakifika thelathini, Namahoro anabaki. Wakifika thelathini na moja, bibi yake anarudishiwa makaratasi.

Kwa msioijua Uvira, niseme wazi kilichokuwa hatarini. Mji wetu na ile milima vina vidonda kati yao, sitavichokonoa hapa. Mtoto wa kule juu akifukuzwa shule kwa neno kwamba ana shetani, lile neno halibaki getini. Linamfuata mtaani, linafika kwa mwenye nyumba. Bibi na mjukuu wangelala wapi?

Nikafanya jambo ambalo bado linanichoma.

Jumatano nililazimisha. Nilimsukuma Kiza mbele hadi nafasi ikaisha, nikaubana mkono wake kwenye mkono wa Namahoro, nikamwambia, sema kumi na nane. Alikataa. Nikapaza sauti. Akasema.

Mkono wa Namahoro ukafunguka na kujifunga, ukafunguka na kujifunga, kama wa mtu anayeshika samaki anayeteleza. Mkojo ukamtiririka miguuni.

Na watoto wote, wakuu, wote thelathini, waligeuza vichwa kutazama dirishani upande wa ziwa. Polepole, pamoja, kama wanaofuatisha kwa macho kitu kinachokwenda na maji.

Kisha Mwajuma akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Madame, umemuachilia."

Alhamisi baada ya masomo nilikwenda kwa bibi yake Namahoro. Chumba kimoja, mkeka, chombo cha maziwa kilichosuguliwa kikang'aa ingawa hakuna ng'ombe tena. Alikuwa anajua Kiswahili cha sokoni, alichojifunza kwa kuuza maziwa siku za nyuma. Nikamweleza yote, hata la Jumatano.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Mwalimu, unahesabu batoto na kidole?"

Nikasema ndiyo.

Alifunika mdomo kwa kiganja. Mimi nikabaki nimeshika magoti kama mwanafunzi.

"Tulishuka na batoto sita, betu na ba majirani," akasema. "Kulikuwa mto, maji ilikuwa nyingi. Muntu moja mwema alitaka kutusaidia. Akapanga batoto, bakashikana mikono, akanyoosha kidole. Moja, mbili, tatu, mpaka sita. Nikamuambia, baba, usifanye vile. Akasema, maman, ni juu ya muntu asipotee."

Akakisogeza chombo cha maziwa karibu na goti lake.

"Ku ngambo akahesabu tena. Ikakuwa tano."

Aliyekosekana alikuwa Mugisha, mdogo wake Namahoro, wa miaka miwili. Namahoro ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Mkono wa kushoto.

"Sisi hatuhesabu muntu," bibi alisema. "Hata ng'ombe hatuhesabu. Mangaribi zinarudi, unasimama ku mulango ya zizi, unaita kila moja jina yake. Yenye haiko, utajua. Kidole kinaonyesha kifo njia. Sasa weye kila siku unamupanga mutoto, unamushikisha mikono, unanyoosha kidole. Ulitaka afanye nini? Anamuweka mudogo wake ndani ya hesabu, juu isipunguke tena."

Niliuliza kama Namahoro amewahi kuwasimulia watoto wenzake. Akanitazama kwa huruma. "Na Kiswahili gani?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Sikupanda pikipiki.

Ijumaa saa sita walikuja, directrice na baba yake Kiza, wakasimama ukutani. Watoto walishikana mikono. Namahoro aliacha nafasi yake, mkono chini.

"Anza, Madame," directrice akasema.

Nikaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Leo hatuhesabu watu," nilisema. "Tukitaka kuhesabu, tutahesabu vizibo vya chupa. Watu tunawaita. Kila mmoja ataita jina la anayemfuata."

"Hatukupatana vile," directrice akasema.

"Najua, Maman. Naomba."

Mwajuma akaanza. Majina yakapita mkono hadi mkono, ya Kifuliiru, ya Kirundi, ya Kiislamu, ya kanisani, kila mtoto akiita kwa lafudhi ya kwao. Nilikuwa sijawahi kuyasikia yote pamoja namna ile. Wa kumi na sita akasema, "Namahoro."

Ikawa zamu yake.

Ule ukimya ukaja. Nje hata pikipiki za barabarani nilikuwa sizisikii. Namahoro aliinamisha kichwa kutazama pale chini, na kwa mara ya kwanza tangu aingie darasani kwangu alisema kwa sauti iliyofika ukutani.

"Mugisha."

Kisha zikapita pumzi mbili, tatu. Na Kiza akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeitwa jina, akamwita aliye nyuma yake. Majina yakaendelea hadi mwisho.

Baba yake Kiza alikuwa amekunja uso. "Mugisha ni nani?"

Kiza ndiye aliyemjibu. "Ni mudogo wake, papa. Alibaki ku maji. Hana mutu wa kumuita."

Hakuna aliyemwambia, wakuu. Mimi sikumwambia.

Yule baba aliigeuzageuza kofia yake mikononi.

"Madame," akasema mwishowe, taratibu, "ulikuwa unabahesabu? Na kidole?"

"Kila siku."

"Sisi Bafuliiru pia hatufanyake vile. Tate yangu, baba ya papa, alinipiga ku vidole, minye mudogo, juu nilihesabu badada yangu." Akamgeukia directrice. "Maman, weye ulijua?"

Directrice alisema tu, "Mutoto abaki. Na Madame, hiyo kidole imalizike leo." Akatoka.

Watoto wakaanza kutoka. Mlango wetu ni mwembamba, na baba yake Kiza alikuwa amesimama karibu nao. Kila mtoto akipita alijibana kidogo. Namahoro akapita. Kisha yule baba mwenyewe akajibana ubavu ukutani, akasubiri, macho yake yakisafiri taratibu kutoka kizingitini hadi uani, kwa kimo cha goti.

Ndipo akamnyooshea Kiza mkono.

Hapo ndipo ilipoishia, au ndipo ninapoachia mimi. Namahoro yupo darasani. Anaimba sasa, na juzi alimpiga mtu teke. Watoto wawili walihamishwa na wazazi wao, sikuwazuia. Kama bado kuna mmoja zaidi mstarini, sijui, na sijaribu kujua.

Nilichojifunza ni hiki: ukipewa watoto wa nyumba nyingi, nenda ukaulize kwenye hizo nyumba kabla hujapitisha kidole. Niliwafundisha namba miezi mitatu bila kumuuliza mzazi hata mmoja, nikauita ulinzi.

Walimu wenzangu mlio humu, na wazazi: kwenu watoto wanahesabiwa, au wanaitwa? Na kuna aliyewahi kukutana na jambo la namna hii darasani? Semeni, hata mkinicheka nitasoma.