Kanga Iliyopaswa Kurudi

Dafrosa, mfamasia wa hospitali moja ya Minneapolis na mkazi wa Burnsville, hana ugomvi na binadamu. Ugomvi wake ni na vifungashio. Ukiagiza betri ya saa ya mkononi, unaletewa boksi ambalo paka angeweza kuzalia, limejazwa mifuko ya hewa. "Tunanunua hewa," humwambia mumewe, Laurean. "Tena hewa yenyewe ya hapahapa." Laurean, ambaye ndiye aliyeagiza betri, huendelea kuitafuta ndani ya boksi.

Mwaka jana Dafrosa alihudhuria semina ya maktaba kuhusu furoshiki. Wajapani hufunga zawadi kwa kitambaa cha mraba, ncha kwa ncha, bila karatasi wala selotepu. Mpokeaji hufungua, hushukuru, kisha humrudishia mwenyewe kitambaa chake. Dafrosa alitoka pale na hasira mpya. Bibi zetu walifunga kila kitu kwa kanga, kuanzia ndizi mpaka watoto. Sisi tumekuja huku, tumejifunza kununua karatasi ya kung'aa kwa ajili ya kuichana. Akawahubiria wanawake wote wa Kitanzania aliowafahamu. "Kitambaa ndiyo karatasi," alisema, mpaka watoto wao wakamwita Auntie Karatasi.

Kisha ikaja kichenpati ya kumwandaa kwa ndoa Doris, binti wa shoga yake Rahab, huko Inver Grove Heights. Dafrosa alinunua sufuria nzito, akaifunga kwa kanga ya marehemu mama yake. Kanga huuzwa mbilimbili. Moja mama alizikwa nayo Bukoba. Ya pili ni hii, ya zambarau, iliyopauka kwenye pindo.

"Una uhakika?" Laurean aliuliza.

"Mama atahudhuria sherehe, halafu atarudi nyumbani. Ndio utaratibu."

Utaratibu wa Wajapani, sawa. Ukumbini, kanga ilipofunguliwa, wanawake walipiga vigelegele, sufuria ikasahaulika, Doris akafungwa kanga kiunoni na kuchezeshwa. Kwetu mtu akikupa kanga, amekupa kanga.

Dafrosa alisubiri wiki mbili, akapiga simu.

"Shoga, ile kanga."

"Nzuri mno," alisema Rahab. "Doris anaipenda kuliko sufuria."

"Haikuwa zawadi. Ilikuwa ya kufungia."

"Umempa mwali kanga mbele ya watu, leo unaidai?"

"Ni ya marehemu mama, Rahab."

"Sasa kanga ya marehemu unafungiaje sufuria? Si wewe uliyetuambia kitambaa ndiyo karatasi? Nani anadai karatasi?"

Dafrosa alikata simu. Alijilaza kochini, akakataa chakula, na kila alipotafuta kosa kwenye maneno ya Rahab hakuliona, jambo lililomuudhi kuliko yote.

Ijumaa akakuta mzigo mlangoni. Doris, aliyezaliwa huku na asiyependa shari, alikuwa ameituma kanga kwa kampuni ya vifurushi. Kutoka kwao mpaka Burnsville ni mwendo ambao ukibandika wali, unafika na kurudi kabla haujaungua. Boksi ndani ya boksi. Mifuko ya hewa. Plastiki ya viputo, mzunguko juu ya mzunguko. Katikati kabisa, ndani ya mfuko uliobanwa kama nyama ya dukani, kanga ya mama, imefuliwa na kupigwa pasi.

Laurean alitaka kucheka, akamtazama mkewe, akaghairi.

Dafrosa aliinusa kanga. Ilinukia sabuni ya watu. Akaitandaza sakafuni, akayakunja maboksi, akayapanga juu yake pamoja na plastiki yote, akafunga ncha kwa ncha, fundo la semina kabisa. Akaendesha gari mpaka kwa Rahab.

"Umeipata?" Rahab aliuliza mlangoni, bila karibu.

"Nimeipata. Nimeleta kifungashio. Utaratibu ni kurudisha."

Akafungua fundo palepale. Mifuko ya hewa ikajimwaga barazani, mmoja ukaviringika mpaka kwenye majani ya jirani.

Rahab aliutazama ule uliokimbia, kisha lundo. "Yote haya ni ya kanga moja?"

"Moja."

"Na nyumba zetu ziko hapa na pale." Rahab alisonga kando. "Ingia. Doris yumo ndani, umgombeze mwenyewe. Chai ipo."

"Nitamgombeza," alisema Dafrosa, akaingia. Kanga alikuwa ameshajifunga kiunoni, mafundo mawili.