Mzimu Uliopakwa Unga

Kaka yake binamu yangu alizama akivua dagaa ziwani huko Magara, na tangu siku hiyo binamu yangu hakumtaja tena. Mchana mmoja wa mvua, nyumbani kwao Rumonge, tulikaa mkekani tukitazama filamu ya kutisha kwenye simu yangu. Wanafunzi wa sekondari waliandamwa na mzimu wa mwenzao aliyekufa maji.

Nusu ya kwanza ilikuwa nzuri mno, kwa sababu mzimu hauonekani. Kuna nyayo zilizolowa sakafuni tu, na mama anayeendelea kumtengea marehemu sahani. Mvua ya kwenye filamu ilichanganyika na ile ya kwenye bati juu yetu, harufu ya mawese ikaingia kutoka kwa jirani, nikahisi nyumba nzima inaelea taratibu. Binamu yangu alinishika mkono. Alikuwa akilia bila sauti.

Kisha mzimu ukajitokeza, uso umepakwa unga, ukipiga kelele na kueleza kila kitu kama mwalimu ubaoni. Hofu yote ikaniisha.

"Wameiharibu," nikasema.

Binamu yangu alicheka huku machozi hayajakauka. "Kaka yangu hawezi kurudi hivi, dada. Yeye angeuliza kwanza kama chai iko."

Akaanza kunisimulia jinsi kaka yake alivyoimba vibaya, jinsi alivyoogopa mbuzi. Filamu iliendelea kucheza pembeni, na hadi leo sijui iliishaje.