Siku Pikipiki Iliporudi Kinyumenyume

Asubuhi ile niliondoka Kewanja bila mpango. Nilikuwa nimechoka kutengeneza injini za makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, nikataka tu kuona barabara inakwenda wapi. Nilikuwa na pikipiki kuukuu, nguo ndani ya mfuko wa rambo, na kifurushi nilichonunua Sirari: vifaa vya kuwasha injini bila platini.

Platini ni vile vyuma viwili vidogo vinavyoachana ili plagi itoe cheche. Zangu zilikuwa zimeungua. Nilipofika kijiji cha Nyarero ziligoma kabisa, mbele ya mji wa mama mmoja aliyekuwa akianika ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura," akajibu, akiniita kijana kwa Kikurya. "Imekufa?"

"Imelala tu."

"Basi ilalie pembeni, isiuzibie ulezi wangu jua."

Nilijua kifurushi kikinishinda, pikipiki itaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, nami nitarudi kwenye karasha kwa miguu. Nikang'oa platini, nikafunga vya kwenye kifurushi: sahani ya chuma, koili ya umeme na kiboksi cheusi kinachoamrisha cheche. Nikamwomba mama bua la ulezi, nikalitumbukiza kwenye tundu la plagi na kuzungusha injini taratibu, hadi bua lilipoacha kupanda. Pistoni ilikuwa imefika juu. Nikazungusha injini kidogo kuirudisha chini, maana cheche lazima itoke kabla pistoni haijafika juu, nikakaza skrubu za sahani na kurudisha plagi.

Nilipopiga kiki ilikohoa, ikasita kama inayotaka kuzima, kisha ikashika kwa nguvu. Nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi. Ikanirudisha kinyumenyume hadi katikati ya ulezi.

Mama alisimama na ungo mkononi. "Huko kwenu ndivyo mnavyoendesha?"

Nilikaa chini nikawaza. Injini ilikuwa inazunguka kinyume. Zile za makarasha nilizotengeneza zote zilizunguka kushoto, hii ya pikipiki huzunguka kulia, na mkono ulikuwa umefuata mazoea yake wakati wa kupima cheche. Nilimweleza mama.

"Kwa hiyo mjinga ni mkono," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Uambie uzoe ulezi wangu kwanza."

Niliuzoa, nikaupepeta, nikatoa kokoto. Ndipo nikapima upya, safari hii nikirudisha pistoni upande wa pili. Ikawaka na kwenda mbele hadi barabarani, mlio umenyooka kuliko nilivyowahi kuusikia.

Jua lilikuwa bado juu na ningeweza kufika Genkuru. Lakini nilitaka kujua kama kesho, injini ikiwa baridi, itawaka hivyo hivyo. Nikageuza.

"Umesahau nini?" mama aliuliza.

"Natafuta pa kulala."

Alinitazama, akatazama ulezi. "Chumba cha kijana wangu kiko wazi. Yuko kwa shangazi yake, upande wa Kenya. Ila kesho utapura uliobaki."

Nikaingiza rambo langu ndani. Kitanda kilikuwa cha kamba, kirefu, na dirisha lilitazama kilima nisichokijua jina. Nikatoka kwenda kumuuliza mama kinaitwaje.