Chaja ya Kiti cha Dada

Miguu ilimgomea dada yangu, lakini ulimi anao wa watu watatu. Anauza uzi, vifungo na zipu pale mlango wa soko, na huko anafika mwenyewe kwa kiti chake cha umeme. Kusukumwa hataki. Ukigusa tu mgongo wa kiti utasikia, "Nimekuwa mkokoteni?"

Mwaka huu kiti kikaanza kumwaibisha. Kwanza kilikata pumzi akikaribia nyumbani, baadaye katikati ya njia, mwishowe hakivuki hata kona ya mtaa wetu. Nusu ya meza yake ikachukuliwa na muuza soksi. Dada akabaki sebuleni akihesabu vigae, na kila anayepita anamwambia apumzike. Apumzike nini, mtu hajachoka?

Nikabeba chaja na betri hadi kwa fundi. Akapima, akasema chaja ni nzima.

"Hii, mama, inaanza kwa kumimina, ndiyo maana inapata moto. Ule moto ni umeme unaopotea bure. Betri ikikaribia kujaa, inapunguza, inadondosha kidogo kidogo mpaka taa iwe ya kijani. Huko mwisho haili umeme wa maana, ila ndiko betri inakopona. Betri hizi zimekatizwa kila siku, zimekufa ndani kwa ndani. Nani anaichomoa?"

Nani, kama si mwana wa dada? Anaishi na mama yake, na soketi iko chini nyuma ya kabati, dada haifikii. Kila asubuhi humletea kiti na kumwambia kimejaa. Nilimkuta anakunywa chai.

"Kwa nini unachomoa chaja ya mama yako kabla ya wakati?"

"Inakula umeme, mama mdogo."

Taa ya baraza lake huwaka mpaka jua linatoka.

"Fundi kasema saa zile za mwisho inakula kidogo tu, kama hiyo taa yako. Sasa unaokoa nini? Usinifanye mtoto mdogo."

Akaweka kikombe chini. Mama yake alikuwa mlangoni, anasikia yote.

"Sina amani akiwa barabarani," mwana akasema. "Simu ikilia kazini, najua wameshamgonga. Akikaa hapa, moyo wangu unatulia."

Dada akamgeukia mwanawe.

"Kumbe nimefungwa," akasema, "na askari jela nampikia mimi."

Mwana alilia, akaomba radhi. Akanunua betri mpya, akazifunga kwa mikono yake. Jioni akachomeka chaja. Dada hakwenda kitandani. Alibaki kitini kando ya kabati, kajifunika khanga, macho kwenye ile taa nyekundu.

"Mama, nenda kalale. Sitaichomoa."

"Najua, mwanangu," akasema, wala hakuondoka.