Pikipiki Kubwa ya Baba

Juzi fundi alifungua tangi la jenereta langu, na harufu ya petroli iliyochacha ikanirudisha uani kwetu Vwawa.

Baba alikuwa amenunua huko Tunduma pikipiki kuukuu ya safari ndefu, yenye kioo kipana mbele, masanduku ubavuni na kiti cha nyuma chenye egemeo kama sofa. Ililetwa juu ya lori, haiwaki. "Nitaifufua mwenyewe," alisema, na magunia ya kahawa ya mama yakatolewa stoo kuipisha, yakarundikwa chumbani. Kila Jumamosi alifungua kabureta, akaisafisha, akaifunga. Injini ikakohoa kidogo, ikanyamaza. Akirekebisha nyaya, betri inakufa. Akipata betri, oili inavuja. Siku moja alirusha spana kwa hasira, ikavunja dirisha letu.

Kisha Jumapili moja asubuhi ikawaka.

"Mama watoto, panda twende kanisani!" baba alipiga kelele.

Mama akaja na kitenge chake kipya, akapanda, akaegemea. Walipofika getini tu, injini ikazima. Baba alibonyeza stata mpaka betri ikaisha, jasho likilowesha kola ya shati.

"Shuka, mke wangu. Imeshindikana."

"Kahawa yangu inaota ukungu chumbani kwa ajili ya dude hili," mama alisema. "Leo nimepanda, sishuki. Sukumeni."

Baba alimtazama, akavua koti, akashika usukani. Sisi watoto tukasukuma kwa nyuma. Njia nzima mama aliwapungia majirani mkono, na baba hakuinua uso.