Mama Majani na Miche Isiyotakiwa Kuguswa

Saa moja asubuhi, mwanamke mwenye aproni ya kijani anapita kati ya meza za miche ndani ya banda la kioo, mikono ameifunga mgongoni. Anaifungua kumimina maji kwenye trei, kisha anairudisha. Jani moja lina vumbi. Analikazia macho, anakunja uso, anajikaza na kuendelea na safari.

"Vumbi linaniudhi kweli," anasema. "Lakini nimekula kiapo."

Wenzake humwita Mama Majani. Ana miaka hamsini na moja, na kwa miaka tisa ametunza miche ya chuo hiki. Ni mtu wa usafi kupindukia. Kikombe chake cha chai hamwazimi mtu. Mwaka jana usafi huo nusura umharibie masomo mtafiti kijana anayemwita mama.

Binti huyo anachunguza vimeng'enya vinavyotengeneza molekuli za kupashana habari ndani ya mmea. Mdudu akitafuna jani, vimeng'enya huanza kazi, na habari ya hatari hufika hadi majani ya mbali. Ili apate cha kulinganisha, nusu ya miche ilipaswa kukaa bila kusumbuliwa.

Majibu ya maabara yakamchanganya. Miche isiyosumbuliwa ilikuwa imejaa molekuli za hatari! Akabadilisha dawa, akaita fundi wa mashine, wapi. Muda wake wa masomo ulikuwa unakwisha.

"Nilimkuta kwenye ngazi analia," anasimulia Mama Majani. "Nikambembeleza. Nikamwambia, mwanangu, ile miche naitunza kama yai, kila asubuhi naifuta jani kwa jani. Akafuta machozi. Akaniuliza, 'Unaifuta, mama?'"

Kumbe vimeng'enya vile havisubiri meno ya mdudu. Jani likipapaswa mara kwa mara, hata kwa pamba laini, navyo huamka.

"Nilijua kibarua kimeota nyasi," anasema. "Usingizi sikuupata."

Hata hivyo alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa idara.

"Mimi nisingemtaja," anasema mtafiti. "Alisema kosa ni lake, mimi niongezewe muda. Nikaongezewa miezi minne."

Mama Majani alipewa onyo, kazi ikabaki. Miche mipya ilipandwa, na majani yake yako maabara sasa. Majibu yanatoka wiki ijayo. Yakiharibika tena, binti atarudi nyumbani bila shahada.

"Hofu ninayo, nikudanganye nini?" anasema Mama Majani. "Ila siku akivaa joho, nitamkumbatia mpaka aombe msaada. Yeye si mche."