Msemaji wa Chama na Simu Zake

Kila asubuhi alikunywa chai akitembea. Kikombe mkono huu, kiredio mkono ule, atoke sebuleni aingie chumbani, arudi, asimame mlangoni, abishane na mtangazaji wa taarifa ya habari kana kwamba yule bwana anamsikia. "Nani kakwambia? Umemuuliza nani?" Mkewe, mshonaji wa sare za shule, kazi yake ikawa kuokota vikombe vya chai iliyoachwa nusu: dirishani, juu ya kabati, hata juu ya cherehani yake.

"Mheshimiwa mtarajiwa," humwambia, "kaa chini kama watu. Kiti hakina miiba."

"Nikikaa nitasinzia, mama."

"Wewe? Wewe husinzii hata ukilala."

Watu walimwita Chanzo. Jina hilo alilipata gazetini, kwa sababu hakuna habari iliyopita mbele yake asiulize chanzo chake ni nani, na hakuna mtu aliyetuhumiwa kwenye ukurasa wake kabla yeye hajampigia simu kusikia upande wake. Mhariri alimpenda. Ila mwenye gazeti alikuwa na marafiki wakubwa serikalini, na habari za Chanzo zikaanza kukatwa mkia, kisha kichwa, mwisho hazitoki kabisa. Siku moja akafungasha kalamu zake na mto wa kiti chake, akahamia chama cha upinzani. Wakampa cheo cha msemaji, na Mwenyekiti akamnyanyua mkono mbele ya umati: "Mbunge wenu ajaye huyu hapa!"

Ubunge ukamwingia damuni siku hiyo hiyo. Akipita jimboni akaona daraja bovu, miguu inamwasha. Akiona shule isiyo na paa, anaanza kuhutubia peke yake njiani.

Shida ni kwamba mwili ulihama, mazoea yakabaki. Zahanati moja iliishiwa dawa, chama kikapanga mkutano wa hadhara, jukwaa likajengwa, spika zikapangwa. Kabla ya kuandika hotuba, Chanzo akampigia daktari mkuu wa wilaya. "Ndugu yangu, kesho nitakusema jukwaani. Una lolote la kujibu?" Yule akamshukuru kwa adabu zote. Kesho yake, jukwaa halijapanda mtu, lori la dawa likawa mlangoni pa zahanati, wakubwa wanakabidhi maboksi, kamera zinamulika. Mkutano ulipoanza, watu wakapiga kelele: "Semeni lingine, hilo limeisha!"

Mwenyekiti nusura ameze kipaza sauti. Walipofika ofisini akafunga mlango.

"Wewe mtu, unampigia adui simu kumwambia tunapitia mlango gani?"

"Nilitaka kusikia upande wake. Ndiyo kawaida."

"Kawaida ya wapi? Unakwenda kumnong'oneza golikipa wao penalti tunapiga kona ipi?"

"Lakini dawa zimefika, Mwenyekiti."

"Zimefika, na kura zimekwenda!"

Baada ya hapo kila aliyepita kwenye korido alimwuliza kama ameshampigia mbunge wa chama tawala kumjulisha wanakula nini mchana. Alicheka nao, lakini usiku alikuwa anageuka mpaka shuka inaanguka. Kikao cha kuteua mgombea kilikuwa karibu.

Ndipo Mwenyekiti akamwita, akampa karatasi moja. Ilisema mbunge aliyepo amemuuzia shemeji yake uwanja wa soko.

"Kesho waandishi wote watakuwepo. Ukisoma wewe, wataamini. Soma, na jina lako nalipeleka kikaoni mwenyewe."

"Hati ya mauzo nani kaiona?"

"Chanzo, usianze. Na simu usipige."

Jioni ile alizunguka sebuleni mpaka mkewe akaacha kushona.

"Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Simu si hiyo mezani? Imekukosea nini?"

"Nikipiga, ubunge basi."

"Na usipopiga?"

Chanzo akachukua viatu vyake vilivyokwisha kung'aa, akavipaka dawa tena.

Ukumbi ulijaa. Alisoma mstari wa kwanza akiwa amesimama, sauti ikitoka vizuri tu. Mwandishi mmoja wa kike, ambaye Chanzo mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, akanyoosha mkono.

"Samahani, kaka. Mbunge anasemaje?"

"Hajaulizwa."

"Ataulizwa kwenye sanduku la kura!" Mwenyekiti akadakia, na watu wa chama wakapiga makofi.

"Na hati ya mauzo, kaka, umeiona?"

Chini ya meza mkono wa Mwenyekiti ukamshika goti. "Maliza kusoma," alinong'ona. "Ubunge huo hapo."

Chanzo aliangalia karatasi, akamwangalia yule binti. Jasho lilikuwa limemjaa shingoni.

"Sijaiona," alisema.

Akaisogeza karatasi mbele ya Mwenyekiti. "Soma wewe. Maneno ni yako." Akazunguka meza, akaruka nyaya, akapita kati ya magoti ya waandishi, "samahani, samahani dada," mpaka mlangoni.

"Tumvumilie," Mwenyekiti alisema akijichekesha. "Msemaji kaenda kujisaidia. Anarudi sasa hivi."

Wakangoja. Mtu wa spika akauliza kwa ishara kama azime, akakatazwa. Wakati huo Chanzo alikuwa ameshakipita kituo cha mafuta, koti begani, anatembea kwa kasi ya mtu aliyechelewa, wala hajui amechelewa wapi.